Je, Wajua? Rangi na Ushoroba Mrefu

Je, wajua ya kuwa tembe za Wanyaturu wa Singida, zenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, zilikuwa ndefu na nyembamba, na kwa uchache wa madirisha zikajaa giza kama ushoroba wa nyumba nyingi za leo? Basi mwenye ushoroba wa namna hiyo na azipake kuta zile ndefu chokaa, ambayo huwa ngumu kwa kufyonza hewa ya ukaa, na ukuta wa mwisho aupake rangi nyekundu iliyokoza, maana rangi nzito huusogeza ukuta machoni, na ushoroba ukaonekana mfupi. Ama karatasi ya ukutani, gundi yake haishiki juu ya chokaa itoayo unga. Sharti chokaa hiyo ikwanguliwe kwanza.