Adui wa Mshono ni Hewa

Chuma kikiwa baridi, hewa huchukua miezi kukitia kutu. Kikiyeyuka, kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, hewa hiyo hiyo hukiharibu kwa sekunde. Oksijeni huungana na kaboni iliyomo na kufanya mapovu. Naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, huzama ndani ya chuma cha moto, kisha chuma kinapopoa hushindwa kuihifadhi, nayo hunaswa ikiwa njiani kutoka. Kata mshono wa namna hiyo kwa msumeno, utaukuta una matundu kama kitumbua. Kwa nje unaweza kupendeza. Ubebeshe mzigo, unapasuka.

Kwa hiyo kila fundi anayeunga vyuma kwa umeme ana swali moja la kujibu: hewa izuiweje isiguse dimbwi la chuma mpaka ligande? Majibu mawili ya swali hilo, rodi yenye ganda na TIG, siku hizi yanapatikana katika kisanduku kimoja unachoweza kukibeba begani. Mnunuzi hufika nacho nyumbani, akakodolea macho vitufe, alama za jumlisha na kutoa, na tundu la gesi, asijue aanzie wapi. Aanzie kwenye hewa.

Ganda na gesi

Jibu la kwanza lilitoka Sweden. Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mjini Göteborg mwaka 1904, alikuwa akihangaika na ukarabati wa meli na boila zake. Waya mtupu wa chuma ulikuwa ukitoa mshono mbovu. Akauchovya waya kwenye uji mzito wa madini, akaukausha. Uji huo ndio babu wa ganda la rodi za leo. Ganda likiungua hutoa moshi na gesi zinazoisukuma hewa pembeni, na kilichobaki huyeyuka, kikaelea juu ya chuma na kuganda kuwa yale mavi ya chuma ambayo fundi huyagonga kwa nyundo baadaye.

Jibu la pili, TIG, lilitoka Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya ndege ya Northrop, huko California, ilitaka kuunda ndege kwa magnesi, metali nyepesi inayoshika moto kwa urahisi. Mwaka 1941 mhandisi wake Russell Meredith alitumia ncha ya tungsteni kuwasha tao la umeme, akalizungushia heli, gesi isiyoungana na kitu. Ncha haiyeyuki kuwa sehemu ya mshono. Fundi huongeza chuma kwa waya anaoushika mkono wa pili. Leo heli imeiachia nafasi agoni, ambayo inapatikana kwa bei nafuu zaidi kwa kuwa hewa yenyewe ina karibu asilimia 1 ya agoni.

Ndani ya kisanduku

Mashine za zamani zilikuwa na transfoma kubwa ya shaba na chuma, na kuisogeza kulihitaji watu wawili. Kisanduku cha leo kinatumia ujanja mwingine. Kinapokea umeme wa volti 230 unaogeuka mwelekeo kwa kasi ya mizunguko 50 kwa sekunde, kinaufanya uwe wa mwelekeo mmoja, kisha transista zake zinaukatakata mara makumi ya maelfu kwa sekunde. Kadiri umeme unavyogeuka haraka ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo, na hapo ndipo uzito wote ulipopungulia. Mwishoni unatoka umeme wa volti chache na ampea nyingi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mashine hii hushikilia ampea, si volti. Mkono wa binadamu hautulii: ukiinuka kidogo tao hurefuka na volti hupanda, ukishuka volti hupungua. Ampea hubaki karibu na pale ulipoziweka, na dimbwi halizimiki ovyo. Rodi na TIG zote zinataka tabia hiyo, ndiyo maana zinakaa pamoja katika kisanduku kimoja.

Umeme huo lakini haushuki kutoka mbinguni. Ampea 130 kwa volti 25 ni wati 3,250 kwenye tao peke yake, kabla ya hasara za mashine. Soketi ya nyumbani yenye fyuzi ya ampea 13 inatoa wati 3,000 hivi. Ukiongeza waya mwembamba wa mita thelathini, volti huanguka njiani, tao linakuwa dhaifu, na fundi anamlaumu muuza mashine. Soma pia asilimia iliyoandikwa ubavuni. Ampea 200 kwa asilimia 60 maana yake ni dakika 6 za kuchomelea katika kila dakika 10, na zilizobaki ni za kupoa.

Kuanza na rodi

Chukua rodi, usome namba. Kwenye E6013, tarakimu 60 zinataja nguvu ya mshono kwa kipimo cha Kimarekani, 1 inasema rodi inafaa kwa kila mkao, hata juu ya kichwa, na tarakimu ya mwisho inaeleza aina ya ganda. 6013 ni rodi ya mageti na madirisha: inawaka kwa urahisi na inavumilia kutu kidogo. E7018 ni ya kazi zinazobeba mzigo. Ganda lake limeundwa ili hidrojeni iwe kidogo, maana hidrojeni hupenya ndani ya chuma na inaweza kukipasua saa au siku kadhaa baada ya fundi kwenda zake. Hidrojeni hiyo hutoka kwenye maji. Paketi ya 7018 iliyokaa wazi kwenye unyevunyevu wa Tanga au Mombasa imeshapoteza sifa yake, mpaka ikaokwe tena kwa joto kali kama mtengenezaji alivyoagiza. Kuianika juani hakutoshi.

Chomeka waya wa holda kwenye chanya na wa ethi kwenye hasi. 7018 inataka hivyo, na 6013 inakubali pande zote mbili. Klempu ya ethi ibane chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, karibu na pa kuchomelea. Rodi ya milimita 2.5 ianze na ampea 70 au 80, ya 3.2 ianze na 110.

Fundi huikwaruza ncha juu ya chuma, akaiinua mpaka nafasi iliyobaki ilingane na unene wa waya wa rodi. Hapo utasikia mchatuko mfululizo usiokatika. Rodi huilaza kidogo kuelekea anakokwenda na kuivuta, mavi ya chuma yakifuata nyuma. Nyuma ya kioo cheusi kuna mambo mawili yanayong'aa: dimbwi la chuma, na juu yake utando wa ganda lililoyeyuka, wenye rangi tofauti kidogo. Mwanafunzi huyachanganya, akakimbiza rodi kabla chuma hakijashika. Anayeyatofautisha anaangalia kingo za dimbwi zikilowesha chuma cha pande zote mbili, ndipo asogee.

Makosa yanajieleza yenyewe. Ampea zikiwa chache, rodi inanata na mshono unakaa juu juu umerundikana. Zikizidi, rodi inakuwa nyekundu kabla haijaisha na kingo za mshono zinachimbika mfereji.

Kuhamia TIG

Kwa TIG, geuza waya: tochi iende kwenye hasi, ethi kwenye chanya. Hapa kuna fizikia nzuri. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, na tao ni kali kuliko hapo. Ncha inanusurika kwa sababu elektroni zinatoka kwake kwenda kwenye chuma, na zinapotoka huondoka na joto. Karibu theluthi mbili ya joto la tao huangukia kwenye kazi. Ukisahau kugeuza waya, joto hilo linarudi kwenye ncha, nayo inavimba kuwa tone na kudondokea dimbwini.

Ncha inolewe kwa grinda, mistari ya kunolea ikienda kwa urefu wa fimbo, wala si kuizunguka, ili tao lisiyumbe. Tungsteni yenye alama nyekundu ina thori, ambayo ni nururishi, na vumbi lake si la kuvuta. Yenye lanthani, alama ya dhahabu au buluu, inafanya kazi ile ile bila hofu hiyo.

Mtungi uwe wa agoni tupu. Ule wa kaboni dayoksaidi unaotumika kwa MIG, njia nyingine ya kuchomelea, utaiunguza tungsteni mara moja. Weka gesi lita 6 hadi 10 kwa dakika. Kuongeza sana hakukulindi: gesi ikitoka kwa kasi huvurugika na kuvuta hewa ndani. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi baa 150 una lita 1,500 hivi za gesi. Kwa lita 8 kwa dakika utakupa saa 3 na dakika chache. Visanduku vingi vya bei ndogo havina vali ya gesi ndani, kwa hiyo unaifungua kwa mkono kwenye tochi. Gusa chuma kwa ncha, inua taratibu, tao linawaka. Bati la milimita 1.5 linahitaji ampea 60 hivi.

Tochi inainama kidogo, waya wa kuongeza unaingia mbele ya dimbwi kwa kudonoa, na ncha yake ya moto haitoki nje ya kivuli cha gesi. Ukimaliza, tuliza tochi pale pale sekunde kadhaa gesi ikiendelea kutoka. Rangi zitakupa majibu: tungsteni ikibaki ya fedha inayong'aa, gesi ilitosha, ikiwa nyeusi, uliiondoa mapema. Kwenye stenlesi, mshono wa rangi ya majani makavu ni salama, wa kijivu umeingiliwa na hewa. Upande wa nyuma nao una hewa: tangi la maziwa lisilopitishiwa agoni kwa ndani litakuwa na chenga nyeusi zinazoficha bakteria.

Upepo wa feni tu unatosha kuipeperusha agoni. Ndiyo maana mafundi wa jua kali wanaotengeneza mageti kando ya barabara wanashikilia rodi, na sayansi iko upande wao: ganda halipeperushwi kirahisi.

Alumini ni habari nyingine. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wake wa oksidi unasubiri zaidi ya 2,000. Kuuvunja kunahitaji umeme unaogeukageuka mwelekeo, yaani AC, maana ni pale kazi inapokuwa hasi ndipo oksidi inapochubuliwa. Kisanduku kisichoandikwa AC hakitachomelea alumini kwa TIG, hata muuzaji akiapa.

Macho na mapafu

Mwanga wa tao una mionzi ya urujuanimno inayounguza konea. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, jicho likihisi limejaa mchanga. Miwani ya jua si kinga. Kioo kiwe cha namba 10 hadi 12. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Bomba la mabati hutoa moshi wa zinki unaoleta homa, na maziwa wanayokunywa mafundi hayasaidii, kwa kuwa yanakwenda tumboni na moshi uko mapafuni. Kwangua zinki kwanza, ukae upande upepo unakotoka. Agoni nayo ni nzito kuliko hewa na haina harufu. Ndani ya tangi au shimo inaweza kukufukuzia oksijeni usijue.

Kabla ya kazi ya mteja, chomelea vipande viwili vya chakavu kwa umbo la T, upande mmoja tu, kisha ukibane kimoja kwenye jiliwa na kukigonga kingine kwa nyundo, ukikilaza juu ya mshono mpaka uvunjike. Tazama mpasuko. Ukiona matundu, hewa au unyevu umeingia: kausha rodi, fupisha tao, au angalia gesi. Ukiona mstari safi kwenye kona ambako chuma hakikushikana, ongeza ampea au punguza mwendo. Ukiona mavi ya chuma yamenaswa ndani, safisha kila tabaka kabla ya kupitisha jingine. Rudia mpaka chuma chenyewe kipinde kabla ya mshono kuachia.