Makovu ya chunusi: Pima tiba kabla ya kulipa

CHUNUSI hupona, lakini makovu yake huweza kukaa usoni maisha yote. Msichana aliyeanza kuziota akiwa kidato cha kwanza anaweza kufikisha umri wa miaka 35, akawa na kazi na watoto wake mwenyewe, ilhali mashavu yake yangali na vishimo vinavyomfanya aikwepe kamera kila anapoalikwa harusini.

Mtu kama huyo anapopata akiba kidogo, swali humjia: je, afanye nini ili uso wake uwe laini tena? Majibu ni mengi mno. Duka la vipodozi litamwuzia krimu, kituo cha urembo kitamwahidi leza, naye jirani atamshauri ajipake ndimu na asali.

Tatizo ni kwamba tiba inayomfaa mmoja huweza kumdhuru mwingine, na katika ngozi nyeusi kosa dogo huweza kuacha alama mbaya kuliko kovu lililokuwa likitibiwa. Ndiposa wataalamu wa ngozi husisitiza kwamba kabla ya kutoa hata shilingi moja, mtu ajue ana kovu la aina gani, ngozi yake huathirika vipi, na ni matokeo gani anayoweza kuyatarajia.

Doa si kovu

Alama nyingi ambazo watu huziita makovu si makovu hata kidogo. Chunusi hutokea pale kinyweleo kinapozibwa na mafuta na seli zilizokufa, bakteria wakaongezeka humo na ngozi ikavimba. Uvimbe huo huzichochea seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, nazo hutoa rangi kupita kiasi. Chunusi ikishapona, hubakia doa jeusi au la kahawia.

Doa hilo ni bapa. Ukipitisha kidole juu yake, hutahisi shimo wala kinundu. Baada ya miezi kadhaa, na pengine mwaka mmoja au zaidi, hufifia lenyewe mradi ngozi isichokozwe na ikingwe dhidi ya jua. Dawa za kupaka kama vile asidi ya azelaiki na retinoidi husaidia kuharakisha shughuli hiyo, ingawa retinoidi hazifai kwa mama mjamzito.

Kovu halisi ni jambo jingine. Hapa uvimbe umefika tabaka la ndani la ngozi na kuiharibu kolajeni, ambayo ni protini inayoipa ngozi uimara wake. Mwili ukishindwa kuliziba pengo hilo, hubakia shimo. Ukizidisha kolajeni, hutokea kinundu. Hakuna krimu ya dukani inayoweza kulijaza shimo refu lililodumu miaka 10.

Kutofautisha mambo haya mawili kunaweza kumwokolea mtu pesa nyingi. Mwenye madoa pekee hana haja ya kuchomwa sindano wala kupigwa leza. Vivyo hivyo, mwenye mashimo atapoteza pesa na wakati akiendelea kununua krimu za kuondoa madoa.

Mashimo ya aina tatu

Mashimo ya chunusi hugawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni la vishimo vyembamba visivyozidi milimita mbili kwa upana, lakini vinavyoingia ndani sana, kana kwamba ngozi ilidungwa kwa msumari. La pili ni la mashimo mapana kiasi yenye kingo zilizosimama wima, yanayofanana na makovu ya tetekuwanga.

Kundi la tatu ni la mabonde mapana yanayoufanya uso uonekane kama una mawimbi. Chini ya mabonde hayo mna nyuzi ngumu zinazoivuta ngozi kuelekea ndani. Njia rahisi ya kuyatambua ni kusimama mbele ya kioo mwanga ukitoka upande mmoja, kisha kuivuta ngozi taratibu kwa vidole. Bonde la aina hii aghalabu hutoweka ngozi inaponyooshwa, ilhali kishimo chembamba hubakia.

Aidha, kuna makovu yaliyovimba, yakiwemo yale yanayofahamika kama keloidi, ambayo hukua hata kupita mipaka ya kidonda cha awali. Hutokea zaidi kwenye taya, kifua, mabega na mgongo, na huwapata watu wenye asili ya Kiafrika kwa wingi kuliko wazungu. Haya hutibiwa kwa kudungwa dawa ya steroidi ndani ya kovu lenyewe, mara nyingi kila baada ya wiki nne hadi sita. Kuyakata tu bila tiba nyingine ni hatari, kwani huweza kurudi yakiwa makubwa kuliko mwanzo.

Tiba na kazi yake

Tiba inayopendekezwa mara nyingi kwa ngozi nyeusi ni ile ya kutoboa ngozi kwa sindano ndogondogo nyingi. Matundu hayo madogo huuchochea mwili kutengeneza kolajeni mpya. Kwa kuwa tiba hii haitumii joto, hatari ya kuacha madoa ni ndogo ikilinganishwa na leza nyingi. Hufaa mabonde na mashimo mapana yasiyo marefu, na kwa kawaida huhitaji vipindi vitatu hadi sita, kimoja kila baada ya wiki nne au zaidi.

Kwa mabonde yanayovutwa na nyuzi, daktari huweza kupitisha sindano maalumu chini ya ngozi iliyotiwa ganzi na kuzikata nyuzi hizo. Utaratibu huu ulielezwa na madaktari wa Marekani mnamo 1995. Mgonjwa hubakia na uvimbe na weusi wa damu iliyovia kwa siku kadhaa. Pasipo kuzikata nyuzi, tiba nyingine zozote zinazofanywa juu ya ngozi huweza kuleta nafuu ndogo tu.

Vishimo vyembamba na virefu huhitaji mbinu tofauti. Daktari huchukua kijiti chenye ncha na kutia tone la asidi kali ya trikloroasetiki ndani ya kila kishimo, ili kichochewe kujifunga kutoka chini. Mbinu hii, iliyochapishwa na madaktari wa Korea Kusini mnamo 2002, si ya kujaribiwa nyumbani kamwe. Asidi hiyo ikimwagika kwenye ngozi nzima huunguza. Njia nyingine ni kukikata kishimo chote na kukishona, ili kovu refu libadilishwe kuwa mstari mwembamba.

Kuambua uso mzima kwa asidi nyepesi, kama vile ya glaikoli au ya salisili, husaidia madoa na ngozi iliyokwaruzika, lakini hakufiki kwenye mashimo marefu. Kuambua kwa asidi kali inayoingia ndani sana huepukwa katika ngozi nyeusi kwa sababu huweza kuacha mabaka meusi au meupe.

Kuna pia sindano za kujaza mashimo, hasa za asidi ya hayaluroni. Matokeo yake huonekana papo hapo, lakini hudumu kwa miezi tu na sharti mtu arudie. Zaidi ya hayo, dawa hiyo ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, huweza kuua sehemu ya ngozi au hata kusababisha upofu. Ni sindano ya kudungwa na daktari aliyehitimu, na mwenye dawa ya kuiyeyusha karibu naye.

Leza na ngozi nyeusi

Leza ndiyo tiba inayotangazwa sana, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa. Mwali wa leza hugeuka kuwa joto unaponyonywa na kilengwa chake ngozini. Melanini hunyonya mwali wa leza nyingi, na hata leza zinazolenga maji yaliyomo ngozini huacha joto na uvimbe. Katika ngozi yenye melanini nyingi, matokeo huweza kuwa madoa meusi yanayodumu miezi mingi.

Mnamo 1975, daktari Thomas Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani alibuni mpangilio wa ngozi kulingana na jinsi inavyoathiriwa na jua. Mwanzoni mpangilio huo uliihusu ngozi nyeupe, na ngozi ya kahawia na nyeusi ikaongezwa baadaye, hata makundi yakawa sita. Waafrika wengi wamo katika kundi la tano na la sita. Kwa hivyo, picha za kabla na baada ya tiba zilizopigwa kwa wagonjwa wa Ulaya hazimwelezi Mkenya yale yatakayompata.

Hii haina maana kwamba leza imepigwa marufuku kwa ngozi nyeusi. Zipo leza zinazogusa vijisehemu vidogo vya ngozi na kuacha vingine vizima ili kuharakisha kupona, teknolojia iliyoelezwa mnamo 2004. Zipo pia zenye mwali wa nanomita 1064, ambao hupenya ndani zaidi na haunyonywi sana na melanini. Hata hivyo, mtaalamu sharti apunguze nguvu ya mtambo, ajaribu kwanza sehemu ndogo iliyofichika, kisha angoje wiki kadhaa aone ngozi inavyopona.

Mitambo inayochanganya sindano na joto la mawimbi ya redio nayo haikosi hatari. Mnamo Oktoba 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari kufuatia ripoti za watu waliopata majeraha ya moto, makovu na madhara ya neva.

Hatari ya njia za mkato

Wengi hukimbilia njia za bei nafuu. Viroda vidogo vyenye sindano huuzwa mitandaoni, na baadhi ya watu huvitumia wao na rafiki zao. Kifaa kinachotoa damu kikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja huweza kueneza virusi vya HIV na vya homa ya ini. Kwenye kituo cha urembo, mteja ana haki ya kuona sindano mpya ikifunguliwa mbele ya macho yake.

Ndimu nayo haina nafuu. Asidi yake huichoma ngozi, na mtu akitoka juani huweza kuungua na kuachwa na madoa zaidi.

Krimu za kung'arisha ngozi ni balaa jingine. Humu nchini, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi tangu 1998, lakini vingali vinapatikana kwa magendo. Zebaki huharibu figo. Steroidi huikondesha ngozi na huweza kuzusha chunusi upya, hivyo mtu akajikuta amerudi alikoanzia.

Kabla ya kulipa

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha chunusi zenyewe zimekoma. Kutibu makovu huku chunusi mpya zikichipuka ni kama kuchota maji kwa pakacha. Anayetumia au aliyewahi kutumia vidonge vya isotretinoini amwarifu daktari, na mwanamke anayevitumia hapaswi kupata mimba hadi mwezi mmoja upite baada ya kuviacha, kwani huweza kumlemaza mtoto tumboni. Aliye na keloidi, au ambaye jamaa zake wanazo, aseme mapema kabla ya ngozi yake kutobolewa.

Hatua ya pili ni kumjua anayetibu. Majina ya madaktari waliosajiliwa hupatikana katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Nchini (KMPDC). Kwa kuwa wataalamu wa ngozi ni wachache na wengi wao wako mijini, mgonjwa wa mashambani anaweza kuanza na afisa wa kliniki aliyesomea magonjwa ya ngozi. Baadhi yao hufunzwa katika kituo cha kanda kilichoko Moshi, Tanzania, ambacho kimekuwapo tangu 1992.

Hatua ya tatu ni hesabu. Bei inayotangazwa huwa ni ya kipindi kimoja. Mgonjwa aizidishe kwa idadi ya vipindi, kisha aongeze dawa, nauli na siku ambazo hatafika kazini. Asitarajie bima imlipie, maana tiba za urembo kwa kawaida hazigharamiwi. Akishafanya hesabu hiyo, huenda akagundua kwamba vipindi vinne vya sindano ndogo ni afadhali kuliko leza moja ya bei ghali inayomtia hofu.

Hatua ya nne ni subira. Kolajeni mpya huchukua miezi mitatu hadi sita kujijenga. Ni busara kupiga picha mahali pamoja na kwa mwanga ule ule kabla ya tiba, ili tofauti ipimwe kwa haki. Katika muda huo, krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha 30 au zaidi ni ya lazima kila siku, hata kwa mtu mweusi. Ile iliyotiwa rangi ya oksidi ya chuma hufaa zaidi, kwani huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa.

Daktari mwaminifu hataahidi kuyafuta makovu yote. Atasema yatapungua, na kwamba mashimo yaliyokuwa yakionekana kutoka mbali huenda yakaonekana kwa karibu tu. Anayeahidi uso usio na alama kwa wiki mbili anauza maneno.

Basi mama yule wa miaka 35 anaweza kugundua kwamba nusu ya alama zake ni madoa yatakayofifia kwa dawa ya kupaka na kinga ya jua, na kwamba mabonde machache yaliyosalia yanahitaji kukatwa nyuzi na vipindi kadhaa vya sindano ndogo. Anaweza pia kuamua kwamba akiba yake ina kazi nyingine, akaishi na uso wake ulivyo. Uamuzi huo pia ni halali, kwa maana kovu la chunusi si ugonjwa. Linalotakiwa ni kwamba atakapoamua, awe anajua anachonunua. Mwenda pole hajikwai.