Mnyororo Umefungwa Wapi?

Huko Mufindi, ambako paina zimepandwa hadi viungani mwa nyumba, kuangusha mti si kazi. Kazi huanza gogo likishalala bondeni, na lori linasubiri barabarani juu ya kilima. Gogo bichi la mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 40 hukaribia nusu tani. Ndiyo maana wengi huishusha mashine ya kupasulia, ile dingdong, hukohuko shambani, mbao zikapanda kilima vichwani mwa vijana. Ni uamuzi wa busara, hasa kwa asiyebeba.

Mwenye trekta ndogo hujiona amepona. Tatizo ni kwamba trekta ya nguvu ya farasi 45, inayotosha kulivuta gogo hilo, inatosha pia kujipindua. Gogo likinasa kwenye kisiki na magurudumu ya nyuma yakagoma kuteleza, injini haikomi kuzungusha. Basi kinachozunguka ni trekta yenyewe, kuizunguka ekseli yake. Pua ikishaanza kunyanyuka, dereva ana kama sekunde moja tu kabla mambo hayajaharibika. Jipime mguu wako unafika lini kwenye klachi.

Hapo kinachoamua ni kimo cha mnyororo. Ukifungwa juu ya ekseli, unasaidia kupindua. Ukifungwa chini, kwenye chuma cha kuvutia tela, pua ikinyanyuka kile chuma hushuka na nguvu ya kupindua hupungua.

Harry Ferguson wa Ireland alikutana na balaa hili kwenye plau: ikigonga mwamba, trekta humgeukia dereva. Mikono mitatu ya haidroliki aliyoibuni, iliyoenea kwa trekta ya Ford 9N ya mwaka 1939, ndiyo iko nyuma ya matrekta mengi hadi leo. Mikono hiyo hunyanyua kichwa cha gogo kisichimbe udongo wala kunasa visiki. Kinyanyuliwe kidogo tu. Kikizidi, uzito wote unahamia nyuma na usukani unabaki pambo.

Sweden, tangu 1959, inataka kila trekta mpya iwe na fremu ya kumkinga dereva. Kuna anayeikata fremu hiyo kwa sababu inakwama kwenye matawi. Panga lingetosha kwa matawi.

Kuhusu njia, iwe moja. Udongo hushindiliwa zaidi na safari chache za mwanzo, kwa hiyo kuchepuka kila siku ni kuharibu shamba zima. Usikate ubavu wa kilima, trekta italala. Mteremko ukiwa mkali, trekta isishuke kabisa: ibaki juu, winchi ilete gogo, na utingo asisogelee waya uliokazwa.

Na kabla hujawasha injini, zunguka nyuma ukatazame mnyororo umefungwa wapi. Ukiwa juu ya ekseli, ufungue.