Karavani la mtumba: kabla ya kuhesabu vitanda, papasa kona

Mwezi uliopita dada mmoja wa hapa Leicester alinipigia simu usiku. "Kaka, nimepata karavani. Lina vitanda sita, jiko na choo. Watoto wameshagawana nani atalala wapi. Mwenyewe anataka jibu kesho asubuhi. Nimlipe?"

Nilimuuliza mambo mawili: gari lenu lina uzito gani, na ulipofungua makabati ya kona ulisikia harufu gani? Akanyamaza. Alikuwa ameuliza bei, mwaka na idadi ya vitanda, kama ambavyo wengi wetu tungeuliza.

Makala haya ni jibu langu refu kwake, na kwa kila familia yetu hapa Uingereza inayowaza jambo hilohilo. Likizo ya kiangazi ya wiki sita inapoingia, nauli ya watu watano kwenda Dar au Nairobi huwa haishikiki, na hoteli hutulazimisha kulipia vyumba viwili. Karavani la mtumba linaweza kuwapa watoto bahari, milima na usiku wenye nyota kwa miaka mingi. Linaweza pia kumeza akiba ya nyumba nzima. Ili ujue lipi litakulea na lipi litakumeza, inafaa kwanza ujue jinsi vitu hivi vinavyojengwa.

Uzito ulipopunguzwa, maji yalipata njia

Mwaka 1885 Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa akiwaandikia vijana hadithi za safari, alijengewa na kampuni ya mabehewa ya Bristol nyumba ya kutembea nayo. Aliipa jina The Wanderer. Ilikuwa ya mbao ngumu, mkangazi ikiwamo, na ilivutwa na farasi wawili. Mwaka 1907 wapenzi wa safari za namna hiyo wakaunda The Caravan Club, ambayo mpaka leo ina viwanja nchi nzima.

Magari yaliposhika nafasi ya farasi, nyumba ile nzito haikuvutika tena. Ikabidi ukuta uwe mwepesi. Makaravani mengi ya mtumba utakayoyaona yamejengwa hivi: fremu ya mbao nyembamba, bati la alumini kwa nje, povu gumu katikati, na plaiwudi nyembamba kwa ndani. Pale mabati mawili yanapokutana, kwenye kona, hupachikwa reli na kukazwa kwa skrubu juu ya utepe wa gundi laini ya kuzuia maji. Gundi hiyo ndiyo mlinzi pekee wa mbao zilizo nyuma yake.

Miaka ikipita, jua huikausha, na barabara hulitikisa karavani lote kila safari. Gundi hupasuka. Maji huingia kidogokidogo, yakakaa ndani ya mbao ambako upepo haufiki. Karatasi ya ukutani hubaki inang'aa huku fremu ikioza. Injini ya gari la mtumba ikichoka hupiga kelele au hutoa moshi, nawe ukajihadhari. Ukuta wa karavani huoza kimya. Baadhi ya watengenezaji wamepunguza matumizi ya mbao katika miundo ya miaka ya karibuni, lakini bei ya familia nyingi huangukia yale ya zamani.

Haya nayajua kwa kuyalipia. La kwanza letu tulilinunua mwezi wa saba, mwaka wenye kiangazi kikavu. Ndani kulinukia manukato mazito, nikadhani mwuzaji ni mtu nadhifu. Oktoba mvua zilipoanza, ukuta wa kona ya mbele ulibonyea chini ya kidole changu kama mkate uliolowa. Fundi alipotaja gharama ya kuutengeneza, ilizidi bei niliyonunulia karavani zima.

Kiganja, pua na kipimo

Kwa hiyo nenda kuliangalia siku ya mvua, au siku inayofuata mvua. Kwanza tumia pua: mlango ukifunguliwa, simama dakika moja kabla hujasema lolote. Harufu ya kuvu ni ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Manukato makali yakutie shaka badala ya kukupendeza.

Kisha fungua kila kabati la juu na inua godoro la kila kiti. Pitisha kiganja kwenye kona zote, chini ya madirisha, na kuzunguka tundu la hewa la darini. Ukuta mzima ni mgumu na mkavu. Ukibonyea, ukiwa na madoa meusi au karatasi iliyovimba, maji yameshapita hapo. Tembea sakafuni polepole, hasa mlangoni na mbele ya jiko. Sakafu inayodidimia au kulia huwa tabaka zake zimeachana.

Mwisho tumia kipimo cha unyevu, kifaa kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa kawaida chini ya asilimia 15 ni salama. Kati ya 15 na 20 panahitaji kuangaliwa tena. Juu ya 20 pana tatizo la kutafutwa, na juu ya 30 huenda mbao zimeshaharibika. Pima sehemu nyingi na uandike. Mwuzaji asiyekuruhusu kupima ameshakujibu.

Uzito: hesabu ya mezani

Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya gari dogo katika England, Scotland na Wales anaruhusiwa kuvuta trela la hadi kilo 3,500, hata kama alifaulu mtihani kuanzia mwaka 1997. Wengi wetu tuliipokea habari hiyo kwa furaha, lakini leseni ni ya dereva. Gari lina kikomo chake, kilichoandikwa na mtengenezaji, na hicho nacho ni sheria.

Juu ya hicho, wazoefu huwashauri wanaoanza kwamba karavani likiwa limepakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalolivuta. Gari la yule dada lina kilo 1,400, kwa hiyo mwisho wake ni kilo 1,190. Karavani la vitanda sita alilolipenda lilikuwa na kilo 1,500 likijaa. Mzigo mzito kuliko gari ukianza kuyumba nyuma kwenye barabara kuu, hulivuta gari kwenda unakotaka wenyewe, na watoto wamo ndani ya gari hilo.

Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na baraza la turubai, viti, baiskeli na sufuria vyote vinahesabiwa. Vitu vizito vipangwe chini, karibu na ekseli. Ndoano ya gari ibebe kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela. Na kikomo cha mwendo ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, 50 kwenye zile za njia mojamoja.

Watoto watalala wapi, nanyi mtakaa wapi?

Tangazo likisema vitanda sita, uliza vingapi vimesimama muda wote na vingapi huundwa kila usiku kwa kushusha meza na kupanga magodoro. Watoto wakilala saa mbili usiku kwenye kitanda kilichokuwa meza, wazazi hawana pa kukaa isipokuwa gizani au nje kwenye baridi. Kwa familia yenye wadogo, deka ya kudumu upande wa nyuma, yenye pazia, ina thamani kubwa kuliko mapambo yote. Mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu, na ukingo wa kitanda cha juu ujaribiwe kwa kuutikisa kwa nguvu.

Hesabu pia viti vya gari. Hairuhusiwi mtu kukaa ndani ya karavani likivutwa, na mtoto anahitaji kiti chake maalumu mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Karavani la watu sita linalovutwa na gari la watu watano litamwacha mmoja nyumbani.

Kama gari lenu ni dogo, angalieni trela la hema: sanduku la chini lenye magurudumu, ambalo hufunguka likawa vyumba viwili vya turubai vyenye vitanda vilivyoinuka kutoka ardhini. Ni jepesi, huruhusu kuona nyuma barabarani, na huweza kuingia kwenye gereji. Sharti lake ni moja: turubai likifungwa likiwa limelowa huota kuvu, kwa hiyo ukirudi safarini na mvua lazima ulifungue tena nyumbani likauke. Kabla ya kununua, mwambie mwuzaji alifungue lote mbele yako, ukague mishono na zipu.

Hakuna wa kukukagulia

Ukaguzi wa MOT unaolibana gari lako kila mwaka hauligusi karavani, na DVLA haitoi kadi ya umiliki wake. Ulinzi wote uko mikononi mwako. Makaravani mengi yaliyotengenezwa hapa tangu 1992 yana namba ya tarakimu na herufi 17, iliyopigwa kwenye chasisi na kuchorwa kwenye vioo. Ilinganishe sehemu zote, kisha iulizie kwa CRiS, daftari la usajili wa makaravani, uone kama limeibwa au lina deni. Nunua nyumbani kwa mwuzaji, kamwe si kwenye maegesho.

Tairi za karavani huzeeka kabla hazijaisha. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka mitano, ziweke kwenye bajeti ya kubadilisha. Trela linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki. Pata risiti ya fundi aliyezihudumia. Kagua mpira wa gesi, weka kengele ya kaboni monoksidi, na usiingize jiko la mkaa ndani hata likiwa limezimika, kwa sababu hewa hiyo haina harufu na huua watu usingizini. Hata hati ya nyumba yako isome: baadhi hukataza kuegesha karavani uani.

Yule dada alirudi kule na kipimo nilichomwazima. Kona ya mbele kushoto ilisoma 34. Watoto walilia njiani kurudi, naye aliumia kuwaona wakilia. Wiki tatu baadaye wakapata trela la hema la kilo 750, kavu, kutoka kwa wazee wawili waliolifungua lote uani bila kuombwa. Jumamosi iliyopita alinitumia picha kutoka Wales: ugali kwenye sinia, baraza la turubai, mvua inanyesha nje. Chini yake aliandika maneno mawili, "Ndani pakavu."