Kanda ya Ntheo: Toa Video Kwenye Kamkoda ya Zamani Kabla Hujachelewa

Siku ukienda ushago, vuta lile sanduku la bati chini ya kitanda. Pita mashuka ya wageni, pita vyeti vya shule na kadi za kliniki. Kama kwenu kulikuwa na mjomba aliyependa mambo ya kisasa miaka ya 2000, huenda ukakuta kamkoda imefungwa kwa mfuko wa nailoni, na pembeni yake vikanda vidogo vinavyotoshea kwenye kiganja. Usicheke. Na usimpe mtoto achezee.

Mwaka jana anti yangu alinipigia kutoka Matinyani, Kitui Magharibi. Mume wake, yaani mjomba wangu, alikuwa ameaga miezi michache kabla, na watu wa boma walikuwa wameanza yale maneno unayoyajua: huyu mama hakuolewa, alikuja tu akakaa. Shamba likawa na wenyewe wapya ghafla. Anti hakunipigia kulia. Aliniuliza swali moja, “Wewe si ni mtu wa kompyuta? Ile kanda ya mbuzi inaweza kutoka?”

Kwa msomaji asiye Mkamba: ntheo ni zile mbuzi zinazopelekwa kwa wazazi wa msichana, na bila hizo wazee watakuambia hakuna ndoa, hata mkae miaka arobaini. Mahakama za Kenya zimeuliza swali hilohilo katika kesi nyingi za urithi za Wakamba: ntheo ilifanywa au haikufanywa? Wazee walioshuhudia wakishakufa, unabaki na neno lako dhidi ya lao. Au unabaki na kanda.

Nikapanda matatu na laptopu yangu, kichwa kimejaa kiburi. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi: chomeka waya wa USB, nakili, kunywa chai, rudi Nairobi. Kamkoda ilikuwa na tundu la USB, kwa hivyo nikachomeka. Kompyuta ikalia kidogo, ikafungua folda, na ndani mlikuwa na picha tatu za mbwa. Basi.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hivyo tulia nikueleze. Kamkoda za kanda za MiniDV, zilizoanza kuuzwa 1995, huhifadhi video kwenye utepe wa sumaku. Lile tundu la USB kwenye nyingi za zamani ni la kusoma kadi ndogo ya picha, au likijitahidi sana hutoa video hafifu kama ya simu ya mulika mwizi. Video yenyewe hutoka kwa tundu lingine dogo, la mraba kiasi, lililoandikwa DV. Sony huliita i.LINK, Apple huliita FireWire. Ni kitu kimoja.

Nilipojua hivyo nikarudi Nairobi, nikaingia duka moja na kuomba waya wa FireWire kwenda USB. Jamaa akanipa bila kupepesa macho. Shilingi mia nane. Waya upo, unaingia kila upande vizuri kabisa, na haufanyi kitu. USB na FireWire hazizungumzi lugha moja, na kubadilisha umbo la kichwa cha waya hakubadilishi lugha. Ukiuziwa huo, umeuziwa kamba.

Unachohitaji ni kompyuta yenye tundu la FireWire lenyewe. Na hapa sisi Wakenya tuna bahati ambayo watu wa ng'ambo hawana: zile laptopu za ex-UK ambazo mnazidharau. Dell Latitude E6400, kwa mfano, ya mwaka 2008, ina hilo tundu ubavuni. Betri yake imekufa, kibodi imechoka, lakini kwa kazi hii inashinda laptopu yako mpya nyembamba. Kama una kompyuta ya mezani, kuna kadi ndogo ya FireWire ambayo fundi huichomeka ndani. Waya unaotaka una pini nne upande wa kamera. Upande wa kompyuta angalia kwanza: laptopu nyingi zina pini nne, kadi za mezani zina sita. Ile ya pini sita hubeba umeme, kwa hivyo ichomeke vifaa vikiwa vimezimwa. Ukiiingiza kwa nguvu kinyume, unaweza kuchoma tundu la kamera, na hapo ndio mwisho wa hadithi.

Kabla hujacheza kanda yoyote, kuna kitufe kidogo cha kuteleza mgongoni mwake, upande mmoja REC, mwingine SAVE. Kipeleke SAVE. Nimeona kwa macho yangu harusi ya watu ikipotea dakika sita kwa sababu mtu alibonyeza kitufe chekundu “kuona kama kamera inafanya kazi”. Kisha itazame kanda kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu. Usiiingize, itachafua kichwa cha kamera na kuambukiza kanda zingine. Za Matinyani zilikuwa safi, nadhani kwa sababu ya ule ukavu wa Ukambani. Vumbi lilikuwepo, lakini nje ya kasha tu. Ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe mwanzo, ndipo ucheze.

Kamera iweke kwenye VCR au PLAY, si CAMERA. Iwashe kwa chaja, si betri. Kwenye kompyuta, Windows 7 huitambua yenyewe. Windows 10 mara nyingi itataka draiva ya zamani ya 1394, ile ya “Legacy”. Programu niliyotumia ni WinDV, ya bure, ndogo kuliko wimbo mmoja wa simu, na sura yake ni mbaya kweli. Achana na sura. Chagua kamera, andika jina la faili, bonyeza Capture, cheza kanda.

Halafu ukae. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja inachukua saa moja. Saa hiyo moja itakula kama gigabaiti 13, kwa hivyo hakikisha diski ina nafasi. Na usijaribu kuihamisha kwa flashi iliyoformatiwa FAT32. Itakataa faili lolote linalozidi gigabaiti 4 na utafikiri flashi imekufa. Iformati upya iwe exFAT.

Dakika ya 22, stima ikapotea. Laptopu haina betri, kamera haina betri, sebule nzima giza, na anti akasema kwa upole tu, “Tungoje.” Tulingoja hadi saa tatu usiku. Kama huna jenereta au sola ya kutosha, azima betri ya gari na inverta mapema. Mimi sikuazima.

Iliporudi tukaanza upya, na safari hii nikaona jambo ambalo sikulitarajia. WinDV hukata video kila mahali mpiga picha alipozima na kuwasha, na kila kipande hukipa jina la tarehe na saa kilipopigwa. Tarehe hiyo imeandikwa ndani ya kanda pamoja na picha, kama kamera ilikuwa imewekwa saa. Faili la kwanza lilikuwa la Desemba 2004. Anti alisogea karibu na skrini. Alijua mwezi, alikuwa ameusema tangu mwanzo, na hakuna aliyekuwa anamsikiza.

Kuna njia nyingine rahisi, ile ya waya wa rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, ukiunganisha na kile kidude cha USB cha kunasa video halafu urekodi kwa OBS. Kwa kanda za Video8 na Hi8 za miaka ya 80 na 90 mara nyingi ndiyo njia pekee uliyonayo. Chagua PAL, maana ndiyo tuliyotumia Kenya. Ukichagua NTSC picha itaruka au iwe ya kijivu. Lakini njia hii haibebi ile tarehe iliyofichwa. Kwa MiniDV, tafuta FireWire.

Sasa, kwenye kanda. Mbuzi ni watatu, mmoja anakataa kutembea na anaburutwa. Wazee wamekaa chini ya mwembe. Mjomba ana suti inayomzidi mabega. Halafu susu, aliyeaga nikiwa darasa la nne, anaingia kwenye picha kutoka kushoto, anaiangalia kamera moja kwa moja na kuuliza kwa Kikamba kama hicho kitu kinasikia pia. Nilikuwa nimesahau sauti yake. Sikuwa najua kwamba nimeisahau. Nilitoka nje kidogo nikasingizia mtandao.

Kama kanda yako nayo ina kesi mbele yake, usikimbilie kuihariri. Usiongeze muziki, usikate, usiandike majina juu ya picha. Hifadhi faili ghafi, tunza kanda na kamera yenyewe, na mwambie wakili mapema: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza video hiyo ilitolewa vipi na kwa mashine gani. Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari, hadi saa stima ilipopotea. Ile nakala ya kutuma kwa WhatsApp ya familia tengeneza baadaye kwa HandBrake, na uwashe sehemu ya kuondoa ile mistari kama meno ya kichana.

Sikutuma kwa WhatsApp. Anti alikataa. Aliniomba niweke kwenye laptopu, kisha akaalika wazee wawili na wale shemeji zake wenye maneno, akapika. Wakatazama hadi mwisho, mbuzi wote watatu. Mmoja wa mashemeji alijiona, kijana mwembamba, akimvuta yule mbuzi mkaidi kwa kamba.

Kesi haijaisha, sitakudanganya. Kwenye sanduku kuna kanda nyingine nne zisizo na lebo, na kamera imeanza kutoa mlio wakati wa kurudisha nyuma. Ijumaa narudi Matinyani, na safari hii nimeazima inverta.