Redio ya kidijitali na haki za watunzi wa nyimbo



Katika mikutano ya klabu za wasikilizaji, maswali mawili yanarudi kila mara. Je, ni kweli redio zetu ndogo zitanyamaza kwa sababu ya dijitali? Na kwa nini redio ya jamii idaiwe pesa za muziki, wakati inakosa hata esanse ya jenereta?

FM haikufungwa

Wengi wanachanganya redio na televisheni. Mapatano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kwa ajili ya kuhamisha televisheni kwenye dijitali. Redio ya FM haikuhusika. Hata Norwe, nchi tajiri iliyoondoa redio zake za taifa kwenye FM mwaka 2017, iliziachia redio nyingi za mitaa ziendelee na FM.

Dijitali ina faida: mtambo mmoja unabeba stesheni nyingi kwa sauti safi. Lakini redio ya FM uliyo nayo haiwezi kuishika. Lazima ununue nyingine, na mara nyingi hiyo inamaliza batri haraka zaidi. Tena FM ikiwa mbali inakwaruza lakini unasikia. Ya kidijitali ikidhoofika inakatika kabisa. Kwa familia inayongojea habari za usalama wa barabara au jina la mtoto aliyepotea, hilo si jambo dogo.

Wimbo una mwenyewe

Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mtunzi. Anayeitangaza redioni anapaswa kuwa na ruhusa na kulipa. Zamani SONECA ndiyo iliyokusanya malipo hayo. Mwaka 2011 SOCODA ilichukua nafasi yake.

Redio ya jamii inaishi kwa matangazo ya vifo na michango midogo, kwa hiyo deni hili linaonekana mzigo. Lakini watunzi wengine wako kambini pamoja nasi. Wimbo wa amani wa mtu unapigwa asubuhi, naye yuko kwenye foleni ya unga. Hata redio ikilipa, bila orodha ya nyimbo zilizopigwa hakuna atakayejua kwamba sehemu ni yake. Kompyuta nayo haitasaidia ikiwa jina lake halikuandikwa popote.

Sisi wa mashirika pia tuna kosa. Tumerekodi nyimbo kwenye semina za amani na kuzigawia redio bila kumwomba mwenye wimbo sahihi yake. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe.

Tufanye nini?

1. Msitupe redio zenu za FM, wala msinunue mpya kwa sababu ya uvumi.

2. Kila redio iwe na daftari: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, tarehe.

3. Redio za eneo moja ziende pamoja kujadili malipo zinayoweza kubeba. Mtu akija kudai pesa, aonyeshe barua ya kazi na atoe risiti.

4. Viongozi wa kambi, andikeni watunzi walio kwenu na nyimbo zao.

Daftari halihitaji umeme. Tunaweza kulianza leo, na mtu aliyepoteza nyumba na shamba asipoteze na wimbo wake.