Kadi ya Chanjo Mlangoni pa Shule: Mtoto wa Rubavu na Mpaka Wake

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya Ziwa Kivu, wanawake wachuuzi wa Rubavu huwa wamekwisha kushika njia ya mpakani. Vichwani wamejitwika nyanya, kabichi, viazi na maharagwe, na mbele yao, ng'ambo ya kizuizi kinachoitwa Petite Barrière, uko mji wa Goma. Mwenye mtoto mchanga ana swali la kujibu kabla hajatoka nyumbani: mtoto atashinda wapi? Kwa miaka mingi majibu yalikuwa mawili tu, nayo yote mawili ni mabaya. Ama mtoto abebwe mgongoni katikati ya msongamano, ama aachiwe dada yake ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani. Ndiyo sababu nyumba za kulelea watoto wadogo zimekuwa faraja kubwa kwa akina mama wa mpakani.

Lakini nyumba inayokusanya watoto 30 juu ya mkeka mmoja hukusanya pia pumzi zao. Hapo ndipo kadi ya chanjo, karatasi ambayo wazazi wengi huiweka chini ya godoro na kuisahau, inapokuwa na kazi ya pili.

Nchini Rwanda safari ya kadi hiyo huanza siku mtoto anapozaliwa, kwa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Akitimiza wiki 6, kisha 10, kisha 14, hupelekwa kituo cha afya kwa sindano ya kukinga magonjwa matano kwa pamoja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na kijidudu kimoja kiletacho homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo. Katika ziara hizo hupewa pia chanjo za polio, kichomi na kuhara kukali. Baada ya hapo huja kimya kirefu, na kimya hicho ndicho kinachowapotosha wazazi. Miezi inapita, mtoto ananenepa, sindano zinasahauliwa; kumbe bado ziko mbili, za surua na rubella, moja katika mwezi wa 9 na nyingine katika mwezi wa 15.

Hiyo ya mwezi wa 15 ndiyo inayoachwa mara nyingi, kwa kuwa wengi huidhani ni nyongeza isiyo ya lazima. Si hivyo. Mtoto wa miezi 9 angali na mabaki ya kinga aliyopewa na mama yake tumboni, nayo huweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa katika umri huo, wapatao 85 hupata kinga. Waliobaki wamechomwa sindano, wamelia, wameandikwa kwenye kadi, na bado hawana kinga. Hakuna awezaye kuwatambua kwa macho. Juu ya ule mkeka wa watoto 30, ikiwa wote wamechanjwa mara moja tu, wanne au watano kati yao wako wazi mbele ya surua. Sindano ya pili imewekwa hasa kwa ajili yao.

Nayo surua haina subira. Katika jamii isiyo na kinga mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18. Virusi vyake hubaki hewani kwa muda wa saa 2 hivi baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na mtoto huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, wakati ambapo mlezi huona mafua, kikohozi na macho mekundu tu. Kumtenga mtoto baada ya vipele kuonekana ni jambo jema, ila limechelewa.

Kwa Rubavu jambo hili si la vitabuni. Mwezi Julai 2019, ugonjwa wa Ebola ulipofika Goma, Rwanda iliweka mpakani vipima joto na maji ya kunawa mikono, na kuanzia Desemba mwaka huo wakazi wa Rubavu na Rusizi, wakiwamo watoto wa miaka 2 na zaidi, walianza kupewa chanjo ya Ebola kwa sindano mbili zilizotenganishwa kwa siku 56. Ilikuwa hatua ya busara. Lakini katika miezi hiyohiyo surua ilikuwa ikienea Kongo nzima karibu bila kelele. Ilipofika Januari 2020, wagonjwa zaidi ya 310,000 waliodhaniwa kuwa na surua walikuwa wameripotiwa tangu mwanzo wa 2019, na watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo, walikuwa wamefariki. Ebola yote ya mashariki mwa Kongo, toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Ugonjwa ulioogopwa zaidi sio ulioua zaidi.

Polio nayo imekumbusha kwamba haijasahau njia. Ilipoonekana Burundi mwaka 2023, Rwanda ilitoa matone kwa watoto wote wa chini ya miaka 7, hata wale ambao kadi zao zilikuwa zimejaa.

Basi mlango wa shule ufanye nini na kadi? Jirani Uganda imechagua njia ya sheria. Mwezi Machi 2016 Rais Yoweri Museveni alitia saini sheria ya chanjo inayotaka kadi ionyeshwe mtoto anapoandikishwa nyumba ya kulelea, chekechea au shule ya msingi, na mzazi anayekataa kumchanja mwanawe aweza kufungwa hadi miezi 6. Mtu aweza kuelewa ukali huo. Hata hivyo, mtoto anayerudishwa mlangoni kwa kukosa kadi haendi kliniki kwa sababu hiyo pekee. Kwa mama mchuuzi, ambaye mtaji wake wa siku unaozea kikapuni, mtoto huyo atarudi mgongoni na kuvuka mpaka, akiwa bado hajachanjwa.

Kuna njia nyingine, na Rwanda yenyewe imekwisha kuionyesha. Mwaka 2011 ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuanzisha kwa nchi nzima chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana wa darasa la 6 walifuatwa shuleni, na waliokuwa nje ya shule wakatafutwa vijijini kwa msaada wa washauri wa afya. Zaidi ya wasichana 90 katika kila 100 walikamilisha sindano zote tatu zilizotakiwa wakati ule. Mlango wa shule haukutumika kufukuza mtu. Ulitumika kuwakuta watoto mahali walipo. Kadi ya mtoto wa chekechea yafaa isomwe kwa nia hiyohiyo: apokelewe, jina lake liandikwe, na mshauri wa afya wa mtaa apewe habari siku hiyohiyo.

Mzazi aliyechelewa naye asiogope kufika kituoni. Aliyeruka sindano ya pili haanzi upya. Huendelea pale alipoachia, isipokuwa kwa chanjo chache zenye ukomo wa umri. Mafua madogo au joto kidogo si sababu ya kuahirisha. Kadi ikipotea, mzazi aende kituo alikochanjiwa mtoto, daftari litafutwe. Na kama kumbukumbu haipatikani, kurudia sindano ya surua hakumdhuru mtoto aliyekwisha kuipata.

Tarehe ya mwezi wa 15 huweza kuangukia siku ambayo mama yuko Goma na mzigo wake. Siku hiyo baba aweza kumbeba mtoto mwenyewe hadi kituoni, mradi aondoke nyumbani na kadi mkononi.